Saa mbili Havana ndani ya Chevrolet ya 1956

Wifi yangu alinionya tangu tukiwa angani: ukifika Havana usilikurupukie gari la kwanza. Kaa kivulini kwenye bustani ya Parque Central, yatazame yote, halafu mchague dereva kwanza, gari baadaye. Yeye mji ule anaujua. Alisomea udaktari Cuba miaka sita, Kihispania anakiongea mpaka usingizini, na Januari ile ya 2024 alikuwa anarudi kuwaona walimu wake. Mimi nilimfuata kwa ajili ya magari.

Baba yangu alikuwa fundi magari Gerezani, Dar es Salaam. Miaka ya mwanzo ya 80, wakati hata sabuni ilikuwa ya foleni, spea za gari zilikuwa ndoto. Baba na wenzake walizitengeneza. Bushi zilichongwa kwenye mpira wa tairi, gasketi zikakatwa kwenye karatasi ngumu, na ile Peugeot 404 yake ilitembea miaka kumi na zaidi ikiwa na vifaa ambavyo Mfaransa aliyeiunda asingevitambua. Nimekulia kwenye harufu ya grisi, kazi yangu ikiwa kushika tochi. Kwa hiyo niliposikia kuna nchi ambayo mji mzima unaendeshwa namna ile mpaka leo, nilijua ipo siku nitaenda.

Parque Central asubuhi ni kama stendi iliyovaa nguo za harusi. Magari yamepangwa mbele ya Hotel Inglaterra, hoteli ya mwaka 1875: Buick la pinki, Ford la samawati, Cadillac jeupe, Pontiac la kijani kibichi, yote paa wazi, nikeli zinang'aa mpaka unafumba macho. Pembeni yake jengo la Capitolio, lililokamilika mwaka 1929, na kuba lake la dhahabu.

Nilifanya kama Baba alivyonifundisha. Ukitaka kulijua gari, usiangalie rangi. Angalia mianya ya milango. Mengi ya magari yale hayakuzaliwa wazi. Yalikuwa na paa, na paa likakatwa ili kumpendeza mgeni. Sasa paa ni sehemu ya mifupa ya gari. Ukilikata bila kuongeza chuma chini, bodi inalegea katikati kama kitanda cha kamba kilichochoka, na mlango unaanza kukwaruza kwa juu. Nilipita moja baada ya jingine nikipitisha kidole kwenye mianya. Kwenye Chevrolet Bel Air ya 1956, nyekundu na nyeupe, mwanya ulikuwa sawa juu na chini. Dereva wake, mzee wa makamo mwenye kofia ya nyasi, alikuwa amenitazama muda wote bila kusema neno.

"Wifi, anauliza kama wewe ni fundi," wifi akaniambia.

"Mwambie Baba yangu ndiye fundi."

Mzee akainama, akanionyesha chini ya sakafu. Gari lilizaliwa na paa, akasema. Walilikata mwaka 2012, yeye na mdogo wake, lakini kabla ya kugusa paa walichomelea vyuma viwili vya nguvu chini, kutoka mbele mpaka nyuma. Alitaja dola 40 kwa saa, wifi akamshusha hadi 30, tukakubaliana muda wa saa mbili. Nilipovuta mlango kuufunga, akainua mkono: taratibu, taratibu. Madereva wote wa pale wanasema hivyo hivyo. Bawaba ikichoka, mpya hainunuliwi popote. Itabidi ichongwe.

Tukashuka Paseo del Prado chini ya miti, tukapita simba wa shaba waliosimama pembeni ya njia, mpaka bahari ikafunguka mbele yetu. Hapo ndipo Malecón inapoanza, ukuta na barabara ya karibu kilomita 8 iliyoanza kujengwa mwaka 1901. Ng'ambo ya mlango wa bandari ipo ngome ya Morro na mnara wake wa taa. Upepo wa kaskazini ulikuwa umevuma tangu usiku, na mawimbi yaliruka ukuta yakamwagika barabarani. Mzee akahamia upande wa ndani kabisa. Wageni wanalipenda sana lile povu. Yeye analiogopa kama ugonjwa. Kwenye kifuko cha mlango aliweka kitambaa na chupa ya maji baridi, na tuliposimama kwenye taa alishuka mbio kufuta matone kwenye boneti. Chumvi inakula bodi, alisema, na bodi ndiyo kitu pekee cha asili kilichobaki.

Nikaomba anieleze injini. Ni ya Toyota, ya dizeli, silinda nne. Ile ya Marekani ya silinda sita ilikunywa petroli kupita kiasi, nao waliing'oa miaka mingi iliyopita. Breki ni za gari la Kirusi. Usukani wa asili, ila nguzo yake wameunganisha. Nilicheka kwa furaha, maana ile 404 ya Baba ilikuwa hivyo hivyo, kila nchi na mchango wake.

Sababu ya haya yote inajulikana, lakini inafaa kuisema pale pale barabarani. Kabla ya Mapinduzi ya 1959 Cuba ilikuwa soko kubwa la magari ya Marekani. Oktoba 1960 Marekani ikazuia bidhaa zake nyingi kwenda kisiwani, na Februari 1962 vikwazo vikawa kamili. Magari mapya hayakuja, na spea pia hazikuja. Baadaye zililetwa Lada na Moskvich kutoka Urusi, nazo serikali iliwapa wafanyakazi waliostahili. Mpaka mwaka 2011 mwananchi wa kawaida aliruhusiwa kununua na kuuza kwa uhuru yale tu yaliyokuwepo kabla ya Mapinduzi. Basi gari la babu likawa mali ya ukoo, linarithiwa kama shamba.

Na usidhani yote ni ya watalii. Yale ya rangi za harusi ni machache. Mengi yana paa lake, yamechakaa, yanabeba abiria wa kawaida kwa njia maalumu, watu sita au saba kwa gari. Huyaita almendrón, yaani lozi kubwa, kwa umbo lake. Abiria anasimama pembeni ya barabara, anaonyesha kwa vidole anakoelekea, dereva anajibu kwa vidole kama anapita huko. Mtu wa daladala hawezi kupotea pale. Nilimwona kijana amejibana kiti cha nyuma na keki ya sherehe magotini, ameiinamia kama mtoto mchanga, nikatamani tulipe nauli ya kawaida tupande hilo.

Tukapita chini ya Hotel Nacional, iliyosimama juu ya mwamba wake tangu 1930, tukapanda mtaa wa Vedado kwenye nyumba kubwa za nguzo zilizobanduka rangi, mpaka Plaza de la Revolución. Uwanja ule ni mpana na hauna kivuli. Upande mmoja mnara wa José Martí, shujaa wa uhuru wa Cuba, wenye urefu wa mita 109. Upande wa pili, kwenye ukuta wa wizara, sura ya Che Guevara imechorwa kwa chuma, na maneno yake chini. Jengo la jirani lina sura ya Camilo Cienfuegos, kamanda mwenzake wa Mapinduzi, iliyowekwa mwaka 2009. Wageni wengi humdhania kuwa Fidel Castro, na mzee alikuwa na subira ya kuwarekebisha.

Pale niliomba wifi atafsiri neno kwa neno. Nikamwambia mzee kwamba sisi Che tuna jina letu. Aprili 1965 alipita Dar es Salaam kwa siri, akaenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika usiku na wapiganaji wa Cuba kuingia Kongo kuwasaidia waasi. Wapiganaji wale wa Cuba walipewa majina kwa kuhesabu Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, Che mwenyewe akawa Tatu. Mapambano yaliposhindikana akarudi Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka, akajifungia ubalozini kwao akiandika yaliyompata. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Jina la Tatu alilijua tangu shuleni. Hakujua kama ni namba. Akanitaka nihesabu, nikahesabu, naye akarudia akiuangalia ule ukuta: moja, mbili, tatu. Alipofika tatu akavua kofia akajipepea, kisha akakaa kimya kidogo.

Tulipofika Bosque de La Habana, msitu ulio kando ya mto Almendares, kuna baridi ya ghafla, na mimea ya kutambaa imening'inia juu ya miti kama mapazia. Hapo gari likakohoa mara mbili, likapoteza nguvu, likazima.

Wifi alishika kichwa. Mimi nilishafungua mlango, taratibu. Mzee akainua boneti, nikasimama upande wa pili bila kuulizwa. Ndani kulikuwa na nafasi ya kulala mtu, maana injini ndogo ya Kijapani ilikaa kwenye chumba kilichojengwa kwa injini kubwa. Tukaiona pamoja: bomba la mpira linalovuta dizeli kutoka kwenye tangi lilikuwa limepasuka ncha, na injini imevuta hewa. Akakata ncha iliyopasuka kwa kisu, akalisukuma bomba tena mahali pake, kisha akachomoa mfukoni kitu nilichokijua kabla hakijatoka chote. Ukanda wa tyubu ya baiskeli, mweusi, upana wa kidole. Akauvuta mpaka ukanyooka, akauzungusha huku akiukaza, mzunguko juu ya mzunguko, na mwisho akauchomeka ncha chini ya wenyewe ili ujibane. Ndivyo Baba anavyofunga. Nikaona mikono yake kabisa pale.

Bado kulikuwa na hewa ya kutoa. Mzee akachukua spana akalegeza nati ya kutolea hewa juu ya chujio la dizeli, akanionyesha pampu ndogo ya mkono. Nikapampu. Kwanza likatoka povu, likafuata povu jembamba, kisha dizeli safi isiyo na mapovu. Akakaza nati. Akawasha. Mara ya tatu likashika, moshi ukapaa kwenye ile mimea, na wifi akapiga vigelegele mpaka watalii wa gari jingine wakageuka.

Kabla hatujarudi mjini alitaka kuongeza dizeli kidogo kutoka kwenye dumu lililokuwa kwenye buti. Mafuta ni ya foleni, alisema, siku nyingine unapanga tangu usiku. Nikatafuta mfuniko wa tangi nisiuone. Akanisogeza mpaka taa ya nyuma ya kushoto, akaishika, akaizungusha, ikalala upande kama mlango mdogo. Mfuniko ulikuwa nyuma yake. Chevrolet waliuficha hivyo mwaka 1956, na baada ya miaka yote ile bawaba ya taa ilikuwa laini kama siagi.

Saa mbili zilikuwa zimepita zamani. Hakudai ya ziada. Tulimlipa hata hivyo.

Usiku tulikaa ukutani Malecón kusikia mzinga wa saa tatu, ule unaopigwa kila siku kutoka ngome ya La Cabaña, desturi ya enzi za Wahispania walipofunga milango ya mji. Dar es Salaam ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Baba huamka mapema kwa swala. Nikamtumia picha za injini. Hazikupita dakika tano.

"Mashallah. Gia boksi ni ya nini?"

Nilikuwa sijauliza. Nikalala nalo lile swali.

Asubuhi nikarudi Parque Central peke yangu, na Kihispania cha maneno thelathini. Mzee hakuwepo bado, lakini wenzake wanne walinielewa nilipoiga kwa mkono kubadilisha gia. Kila mmoja na jibu lake, sauti zikapanda, mpaka mzee mwenyewe akafika na kofia yake. Gia boksi ni ya Toyota, ilikuja na injini. Shida ilikuwa kuiunganisha na mhimili wa Kimarekani unaokwenda nyuma. Akachukua kalamu yangu, akachora nyuma ya risiti: huku matundu ya Toyota, huku matundu ya Chevrolet, katikati bamba la chuma. Fundi wa kukereza alilichonga kutoka kwenye mashine ya kiwanda cha sukari kilichofungwa. Mwaka 2002 vilifungwa vingi sana, chuma kikabaki.

Nikaupiga picha ule mchoro, nikautuma, nikawashukuru, nikaanza kuvuka barabara kuelekea hotelini. Simu ikalia nikiwa katikati.

"Bamba unene wake milimita ngapi?"

Nikageuka nikarudi.