Jumba la Biron, Paris: Nyumba Iliyookolewa na Wapangaji

Ukishuka kwenye kituo cha Varenne, njia ya 13 ya treni za chini ya ardhi, unakutana na mchongaji Auguste Rodin kabla hujatoka nje: nakala ya sanamu yake ya mtu aliyezama katika mawazo imewekwa palepale abiria wanaposubiri treni. Wengi walioshuka nami walikuwa wanakwenda kuona sanamu. Mimi nilikuwa nimeifuata nyumba zinamokaa: Jumba la Biron, ambalo sasa ni Makumbusho ya Rodin.

Iko namba 77, Rue de Varenne. Ukiwa barabarani unaona ukuta na lango tu. Ndivyo walivyojenga wakubwa wa Paris katika karne ya 18: ukuta mbele, kisha ua, kisha jumba, na bustani nyuma, mbali na macho ya wapita njia. Lakini majumba mengi ya aina hiyo yamebanwa ubavuni na majirani. Hili limesimama peke yake, na mwanga unaingia kutoka kila upande. Nilipofika ukumbi wa chini niliona mbele yangu bustani yote kupitia madirisha yanayokaribia kugusa sakafu, na nyuma yangu ua niliotoka kuuvuka.

Aliyelijenga ni Abraham Peyrenc de Moras, mtengeneza wigi aliyegeuka tajiri kwa kucheza na hisa za mpango wa fedha wa John Law, ulioporomoka mwaka 1720 na kuwaacha wengi mikono mitupu. Kazi alimpa msanifu Jean Aubert, yuleyule wa mazizi makubwa ya farasi ya kasri la Chantilly, kaskazini mwa Paris. Ujenzi ulianza mwaka 1727 na kumalizika mwaka 1732, na mwaka huohuo mwenye nyumba akafariki. Hakulifaidi. Mjane wake akampangisha mke wa Duke wa Maine, mkwe wa mfalme Louis XIV, aliyeishi humo hadi kifo chake mwaka 1753. Ndipo likanunuliwa na Duke wa Biron, mwanajeshi aliyejaa sifa za vita vya Fontenoy, na jina lake ndilo lililodumu. Bustani yake ikawa gumzo la mji. Alifariki mwaka 1788. Mapinduzi ya Ufaransa yakaja, na baadaye wakapita humo mjumbe wa Papa na balozi wa Urusi.

Mwaka 1820 jumba likaingia mikononi mwa masista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, waliofungua shule ya mabinti wa familia kubwa. Kwao, anasa za nyumba hii zilikuwa kishawishi kwa watoto. Mbao za kuchonga zilizofunika kuta zikabanduliwa, vioo vikaondolewa, na vingi vikauzwa. Baadhi vimerudishwa baadaye. Nilisimama muda mrefu katika ukumbi mmoja wa pembeni, upande wa bustani, ambako kuta zimepinda na mbao zimepinda nazo: maua na majani yamechongwa kwa kina kiasi kwamba kivuli kinajificha ndani yake. Kisha unaingia chumba kinachofuata, na ukuta ni mtupu. Iliniuma. Hata hivyo siwezi kuwalaumu masista peke yao. Waliitunza paa na kuta kwa zaidi ya miaka 80.

Sheria ya mwaka 1904 ilipiga marufuku mashirika ya kitawa kufundisha, na shule ikafungwa. Mali ikawa inasubiri kuuzwa, jumba lenyewe likiwa hatarini kubomolewa, na wakati huo vyumba vikapangishwa kwa bei nafuu. Wakaja wasanii: Henri Matisse, Jean Cocteau, mcheza dansi Isadora Duncan, na mchongaji Clara Westhoff, mke wa mshairi Rilke. Mwaka 1908 Rilke akamwonyesha Rodin mahali hapo, naye akapanga vyumba vya chini vinavyotazama bustani.

Serikali ililinunua jumba mwaka 1911 na wapangaji wakatakiwa kuondoka. Rodin hakuondoka. Alikuwa amekwisha kutoa pendekezo: kazi zake zote ziwe mali ya taifa, mradi yeye abaki humo hadi mwisho wa uhai wake na nyumba iwe makumbusho yake. Bunge liliridhia mwaka 1916, akafariki Novemba 1917, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1919. Naamini bila mpangaji huyo mkaidi leo pale pangekuwa na maghorofa.

Kanisa dogo walilojenga masista bado lipo karibu na lango na sasa hutumika kwa maonyesho. Sehemu ya ardhi yao ilikatwa ikawa shule ya serikali, Lycée Victor-Duruy, iliyoanza kama shule ya wasichana. Niliuzunguka ukuta wake kwa miguu nikielekea Invalides, saa ambayo wanafunzi walikuwa wanatoka.