Jumatano yangu: mchezaji wa raga kwenye daftari la mahudhurio

Saa 12 asubuhi. Bega la kulia linakataa kupanda juu ya kifua, kwa hiyo navaa fulana kwa mkono mmoja. Tulicheza Jumamosi. Jumatatu na Jumanne tumesagwa mazoezini, kesho tunasagwa tena, na hapo katikati klabu inatuachia Jumatano tupumzike. Mimi ndiyo siku yangu ya kwenda kituoni kuwafundisha watoto raga.

Saa 2. Tabibu wa viungo ananibinya bega kwa dakika arobaini. Anauliza kama leo nitabeba mtoto mgongoni. Nasema hapana. Wote wawili tunajua.

Saa 4. Napakia koni, mikanda na mipira kumi na miwili saizi 4. Wachezaji wazima tunatumia saizi 5. Mtoto wa miaka kumi na mmoja ukimpa hiyo ataikumbatia tu. Sindano ya pampu nimeisahau, tena.

Kuanzia saa 6 nalala.

Saa 8 na nusu. Nafika kituoni.
“Shikamoo, mama.”
“Marahaba. Umechelewa dakika tano.”
Msimamizi wetu ana daftari la mahudhurio, na sisi wachezaji tumo humo pamoja na watoto. Msimu uliopita nilikosa mara tatu kwa sababu ya mechi za ugenini. Majina ya waliokosa huandikwa kwa kalamu nyekundu, hata uwe umeanza mechi zote.

Mlango wa darasa umezuiwa na kiatu cha njumu. Ni chetu. Mwaka juzi tulileta jozi ishirini, tukapiga picha, tukaondoka. Hakuna aliyeuliza watoto wanavaa saizi gani. Mguu mdogo kuliko yote katika kikosi chetu ungewatosha wawili.

Saa 9. Tunaanza. Hapa hakuna kukabana: kila mtoto ana vitambaa viwili kiunoni, ukichomoa kimoja umemsimamisha. Kukimbia wanaelewa papo hapo. Shida ni pasi, kwa sababu katika raga mpira haurushwi mbele kwa mikono. Kuna binti ambaye kwa wiki tatu alikuwa akigeuka mwili mzima ili arushe nyuma, anasimama, ananyang’anywa kitambaa. Leo nimemshika viwiko: kifua kibaki mbele, mikono ipite kwenye nyonga, vidole vimwelekee unayempa. Mara ya nne mpira ukaenda kwa mwenzake bila yeye kusimama. Hakunitazama. Alikuwa ameshakimbia kuomba urudishwe.

Saa 10. Vichwa viwili vinagongana. Mmoja anainuka akipepesa macho, anasema yuko sawa. Namtoa. Kanuni ya raga ya watoto ni kwamba ukishuku tu mtikisiko wa ubongo, mchezaji anatoka na siku hiyo harudi, hata akulilie. Analia kweli. Nakaa naye kivulini, namsimulia nilivyokalishwa nje wiki mbili kwa pigo ambalo silikumbuki. Ananiuliza kama Siya Kolisi naye hutolewa. Namwambia hata nahodha aliyenyanyua Kombe la Dunia la raga 2019 na 2023 na Afrika Kusini hutolewa. Msimamizi anampigia mzazi aje amchukue, aende akaonwe na daktari.

Kolisi alikulia katika umaskini, Zwide, Afrika Kusini, na watoto hawa wanaijua hadithi hiyo kuliko mimi. Nadhani wanaona kila mchezaji wa kulipwa ni yeye. Mimi ni wa benchi, naingia dakika ya sitini.

Saa 11. Nimebeba watoto wanne mgongoni, kwa zamu. Natia sahihi. Tarehe ya Jumatano ijayo tayari iko chini yake, na jina langu mbele.

Saa 2 usiku. Barafu begani. Kijana wa mawasiliano wa klabu anaomba picha za leo. Simu ilikuwa kwenye begi muda wote. Nina moja tu, niliyopiga nikiwa natoka. Namtumia: mlango, na kiatu.