Nyuklia ya Buyende: mimi siogopi mlipuko, naogopa gridi

Ukitaja tu nyuklia ya Buyende, yaani mtambo wa umeme wa nyuklia ambao serikali yetu ya Uganda inapanga kujenga Buyende, karibu na Ziwa Kyoga, shemeji yangu lazima arukie Chernobyl, kule kinu cha nyuklia kililipuka, yaani hata sentensi hujaimaliza. Namwambia sawa shemeji, 1986 ilitokea kweli, na Fukushima ya Japani 2011 nayo, lakini kule tsunami ndiyo iliingia ikazima majenereta, pampu za kupozea zikakosa stima na vinu vikayeyuka ndani. Kyoga tsunami itoke wapi? Afrika Kusini wana mtambo wa nyuklia wa Koeberg tangu 1984, karibu kabisa na Cape Town, na maisha yanaendelea. Halafu bwawa la Banqiao kule China lilipasuka 1975 likaua makumi ya maelfu ya watu, mbona hasemi tufunge bwawa letu la umeme la Bujagali?

Shida yangu mimi ni ukubwa. Serikali inataka megawati 1,000 za kwanza ifikapo 2031. Sasa nchi nzima, ukiweka na bwawa la Karuma lenye 600, uwezo wetu wote ni kama 2,000 na kidogo hivi, kwa hiyo mtambo mmoja tu utabeba mzigo mkubwa mno na siku ukizima ghafla (mitambo ya nyuklia huwa inazima, hata ya Wafaransa) gridi yote, yaani mtandao wa umeme wa nchi nzima, inaanguka nao. Si mnakumbuka Aprili 2020 kisiwa cha magugu kilielea Ziwa Victoria kikaja kuziba bwawa la umeme la Nalubaale hapa Jinja, nchi nzima giza? Magugu jamani!

Na watu wa sola nao wasituuzie ndoto. Soroti kuna megawati 10 tangu 2016, vizuri, ila jua linazama saa moja na ndo saa hiyo hiyo kila mtu anawasha. Kinyozi wa mtaani kwetu ana paneli na betri yake, ananyoa mpaka usiku na simu za watu anachaji, safi kabisa. Jirani yake anayechomelea milango alijaribu kuunga mashine kwenye hiyo betri, inverta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo) ikalia tiii ikanyamaza, mpaka leo anasubiri stima ya nguzo, na ya nguzo jioni inakuja dhaifu balbu zinakuwa nyekundu, na hapo bwawa liko karibu tu.

Mimi ningeanza na transfoma na nyaya. Halafu sola ifanye kazi mchana, maji ya Jinja yabaki ziwani tuyafungulie jioni.

Shemeji mdogo, anasoma uhandisi, akanibana hapo: je 2006 ziwa liliposhuka tukakaa na mgao wa umeme, hayo maji utayatoa wapi? Nyuklia haingoji mvua. Ni kweli, sibishi. Ila basi tuunganishwe kwanza na Kenya na Tanzania kwa laini za maana, mtambo mkubwa hivyo uwe na pa kuegemea ukizima.

Nyie wa Buyende mnaosoma hapa, mambo ya fidia ya ardhi yamefika wapi?