Chupa 412

Jana baada ya sendofu sikuondoka na wenzangu. Wageni walishakwisha, wapambaji wanateremsha vitambaa, vijana wa muziki wanakunja nyaya zao, na mimi nikaweka kamera mezani nikaanza kukusanya chupa tupu za maji. Chini ya meza, juu ya viti, nyuma ya jukwaa, kwenye vyungu vya maua. Mhudumu mmoja alinisaidia bila kuuliza kitu.

Nina wiki tatu sasa nikiishi na picha za Chris Jordan. Ni mpiga picha wa Marekani, wa Seattle, aliyefanya kazi ya uanasheria kwa takriban miaka 10 kabla ya kuiacha na kushika kamera moja kwa moja. Kazi zake za mwanzo, za kati ya 2003 na 2005, ni za malundo halisi: magari yaliyopondwa na kupandanishwa kama matofali, simu za mkononi zilizotupwa, bodi za kompyuta, vipisi vya sigara. Alikwenda kwenye yadi na bandarini akapiga alichokikuta. Nimezitazama sana kwa jicho la kazi yangu, maana mwanga wake umetulia na rangi zinavutia, unajikuta umeshalipenda lundo la taka kabla hujajua ni nini.

Ila lundo lina mwisho. Ukirudi nyuma hatua chache unaona ukuta, uzio, anga. Na taka za nchi nzima hazikai yadi moja. Zimetawanyika kwenye madampo maelfu, kila mtu anaona kipande cha kwao tu. Hakuna mahali unapoweza kusimama na kamera ukazipiga chupa zote za Marekani zikiwa pamoja. Ndipo akaanza mfululizo wa Running the Numbers, mwaka 2006. Anachukua takwimu, anapiga picha vitu vichache, kisha anaviunganisha kwenye kompyuta fungu kwa fungu mpaka idadi itimie.

Iliyonishika ni ya 2007, ya chupa za plastiki. Zimo chupa milioni 2. Hizo, kwa takwimu za wakati ule, ndizo zilizokuwa zikitumika Marekani kila baada ya dakika 5.

Mara ya kwanza niliiona kwenye simu, nikiwa ndani ya daladala, na sikuona chupa hata moja. Niliona kitu kama kokoto za ufukweni. Nilipoikuza kwa vidole ndipo shingo za chupa zikaanza kujitokeza, na vizibo, na lebo, zimelaliana kila upande. Picha yenyewe ikiwa imechapishwa ina ukubwa wa futi 5 kwa futi 10. Nyumbani nilikaa na kikokotoo: kila inchi moja ya mraba inabeba chupa zaidi ya 270, yaani chupa moja inabaki ndogo kama punje ya ulezi. Kumbe picha hizi zinamtaka mtu atembee. Ukisimama mbali unaona kitu kimoja kikubwa kisicho na jina, ukisogea kinameguka, na ukikaribia mpaka pua iguse kioo unakutana na chupa moja, sawa kabisa na ile iliyo mkononi mwako.

Ile ya makopo inafanya hivyo kwa ustadi zaidi. Kwa mbali ni mchoro wa Georges Seurat, mchoraji wa Ufaransa, ule uliopo Chicago, wa watu waliopumzika kando ya mto Seine siku ya Jumapili: wanawake na miavuli yao, mbwa, nyani mdogo, mashua majini. Seurat aliuchora kwa vitone vya rangi, maelfu kwa maelfu, akaliachia jicho la mtazamaji kazi ya kuvichanganya. Jordan ameweka kopo mahali pa kitone. Makopo 106,000 ya vinywaji, yaliyokuwa yakitumika Marekani kila sekunde 30. Kivuli cha mti ni makopo, sketi ya mwanamke ni makopo, na maji yale yaliyotulia ni makopo vilevile.

Ipo pia ya sare za wafungwa. Sare milioni 2.3, idadi ya watu waliokuwa kifungoni Marekani mwaka 2005, zimekunjwa na kupangwa kwa marefu kama doti za khanga dukani. Hii siwezi kuitazama muda mrefu. Mwanzoni nilimlaumu: mtu na kopo wanaingiaje kwenye hesabu moja? Nimebadili mawazo. Macho yakishazoezwa na chupa kutafuta kimoja ndani ya wingi, yakifika kwenye sare yanafanya vilevile, na safari hii huyo mmoja ana mama yake, ana kitanda alichokiacha nyumbani.

Sisi tunalitumia sana neno milioni. Tunalitamka kwenye vikao vya harusi, kwenye bajeti ya ukumbi, chakula, mapambo, video. Mimi mwenyewe nimekaa vikao hivyo na kusikia milioni ikipita mdomoni mwa mwenyekiti kama jina la mtu wa jirani. Lakini sijawahi kuona milioni ya kitu chochote mbele ya macho yangu, na sidhani kama kuna niliyemjua aliyeiona. Ndiyo maana jana nikataka kuanza na kile ninachoweza kukihesabu kwa kidole.

Zilikuwa 412. Karibu zote maji madogo, chache maji makubwa ya meza ya wazee.

Nikazisimamisha sakafuni kwa mistari, 20 kwa 20, zile 12 zilizobaki nikazipanga pembeni. Nikaazima ngazi ya wapambaji nikapanda na kamera. Nilitegemea kuona wingi. Nikaona uchache. Zimejaa eneo la mkeka mmoja, tena si mkeka mkubwa, katikati ya ukumbi ulioketisha watu 250. Kwa juu kila chupa ni duara dogo, na taa za dari zinapiga kila duara kwa namna yake. Nikapiga kama picha 30, kisha nikashuka nikainama kuzitazama moja moja.

Moja ilikuwa na alama ya rangi ya mdomo, nyekundu, kamili kabisa, unaona mpaka mistari ya midomo. Moja lebo yake imebanduliwa na kusokotwa ikafungwa shingoni kama tai. Nadhani ni mtoto, au mtu mzima aliyechoshwa na hotuba. Chupa 31 zilikuwa zimenywewa funda moja au mawili zikaachwa. Nilikuwa nimewapiga picha watu hawa usiku kucha, nyuso zao ninazo kwenye kadi, lakini hapa niliona mikono yao, na nikahisi nimewakaribia zaidi kuliko nilivyowakaribia kwa lenzi.

Nikapiga hesabu palepale kwenye simu. Ukumbi ule ukifanya sherehe ya aina ile kila Jumamosi bila kukosa hata moja, utahitaji zaidi ya miaka 93 kufikisha chupa milioni 2.

Wakati huo wote mlangoni alikuwa amesimama mzee na viroba viwili. Sikumwona mpaka alipokohoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umemaliza, mwanangu? Mimi ndiyo kwanza kazi yangu inaanza."

Nilimwomba radhi kwa kumchelewesha. Akasema hapana, yeye hungoja kila wiki, watu wa ukumbi wanamjua. Nikabaki kumsaidia. Anafungua kizibo kwa mzungusho mmoja, anakitia kwenye ndoo, anamwaga maji yaliyobaki nje kwenye ua, anailaza chupa, anaikanyaga kwa kisigino. Inatoa mlio mkavu, inalala bapa, inaingia kirobani. Vizibo hutengwa kwa sababu plastiki yake si ile ya chupa. Nilimwambia zimefika 412. Akacheka kidogo.

"Chupa sihesabu mimi. Chupa moja haina bei. Nahesabu kilo."

Akaniambia kilo moja inakula chupa kama 60, kwa hiyo zote zile hazifiki hata kilo 7. Nimelala na maneno yake. Jordan anahangaika kumfanya mtu aione chupa moja ndani ya milioni 2, na mzee huyu anaziona zote, moja moja, zinapita chini ya kisigino chake kila Jumamosi, lakini soko limemwambia hiyo moja si kitu mpaka ziwe sitini.

Nilipofika nyumbani, karibu saa 10 alfajiri, bado nilikuwa nafikiria ile ndoo ya vizibo, kwa sababu ya picha nyingine za Jordan, zile za kisiwa cha Midway. Ni kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Pasifiki, mbali na bara lolote, na albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, hutaga huko kwa wingi. Wazazi hupaa baharini kutafuta chakula, huokota plastiki inayoelea wakidhani ni chakula, wanarudi kuwalisha makinda, makinda yanakufa. Alianza kwenda huko mwaka 2009. Picha ni za makinda yaliyooza: manyoya, mifupa, na pale tumbo lilipokuwa pamejaa vizibo, viberiti vya gesi, vipande vya plastiki za rangi. Huko hakuunganisha chochote kwa kompyuta, na hakugusa wala kusogeza kipande hata kimoja. Alipiga kama alivyokuta. Ndege mmoja kwa kila picha. Nikilinganisha kazi hizo mbili, naona kwenye chupa alihitaji milioni 2 ili nistuke, na Midway alihitaji vizibo vichache tu. Nafikiri alishachoka kutuonyesha wingi, akaenda kutafuta mahali wingi huo unapoishia.

Anayo na picha ya mifuko ya plastiki, 60,000, ya sekunde 5 za Marekani. Hiyo inanipa moyo kidogo. Nakumbuka rambo zilivyokuwa zikinasa kwenye michongoma mpaka ua mzima unapepea kila upepo ukija. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania, na leo nyumbani kwangu kapu linaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Kwa hiyo namba hizi hazijaandikwa kwenye jiwe. Lakini chupa zimebaki, na mimi sherehe ijayo ninayo Jumamosi.

Leo kutwa nimekaa na ile picha ya kwenye ngazi. Nimezikata chupa 412 kutoka kwenye sakafu, nikaanza kuzinakili kama afanyavyo Jordan. Nakala mbili, nne, nane, kumi na sita. Nikaona tatizo mara moja: ile yenye rangi ya mdomo inajirudia. Jicho linaidaka kila inapotokea, kwa vipimo vilevile, na picha nzima inakuwa kitambaa cha dukani chenye ua lilelile. Nikaanza kuzungusha mafungu, kubadili mwanga, kuzichanganya safu. Kwa kila nakala nilijiuliza ni haki kumzidisha mtu aliyekunywa maji yake mara moja tu. Sikuitoa. Nimeiacha itokee kila fungu, ila haikai mahali pamoja, mtu aitafute.

Saa 8 usiku huu kompyuta imeanza kulalamika, feni yake inasikika mpaka chumba cha pili. Nimefikisha nakala 64. Ni chupa 26,368. Nimezigawa kwa zile milioni 2 za dakika 5 nione niko wapi, na hazijatimiza sekunde 4.