Basi kaa hivyo hivyo

Tangu Jumamosi maneno ya bibi hayanitoki. Nikiosha vyombo nayasikia, nikiwa kwenye daladala nayasikia.

Zamu ya kusalia ya jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo, majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, ilikuwa kwake, yule bibi wa mwembe ninayemwandika hapa mara kwa mara. Injili ya Jumapili ilikuwa ya Emau, Luka 24: Kleopa na mwenzake wanatembea na Yesu mfufuka bila kumtambua, kisha wanamwomba akae nao. Tunaisoma kwa zile hatua saba: baada ya somo, kila aliyeguswa na neno analitamka mara tatu, na katikati kunakuwa kimya. Bibi alitamka, "Kaa pamoja nasi." Mara ya tatu sauti ikamkatika.

Tulipofika kwenye kushirikishana, mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe, mwalimu?"

"Leo sina neno, mwenyekiti. Tangu tumzike mama, nikipiga magoti ni kimya tu."

Hakuna aliyenijibu. Kisha bibi, macho yake kwenye mshumaa: "Basi kaa hivyo hivyo, mwanangu. Wale nao walitembea na Bwana njia nzima wasimjue. Sisi tutasali, wewe kaa."

Basi. Tukaingia kwenye michango ya tegemeza, ile ya kulitegemeza Kanisa.

Wiki hii nimepata barua ya uhamisho, na mdogo wangu ameletewa posa, lakini mimi nimebaki pale kwenye mkeka. Nilishazoea kuambiwa nijikaze, ni mapenzi ya Mungu. Bibi hakunisukuma. Alinibebea sala yangu kama mtu anavyokupokea ndoo mlimani, ukapumua.

Baba hupenda kusimulia jinsi maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walivyokutana Nairobi mwaka 1976 wakaazimia Kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo. Zamani niliyasikia kama habari za vikao. Parokiani Jumapili tunajaa hadi nje, na nikinyamaza hakuna anayejua. Kwa bibi walijua, wakasali kwa niaba yangu, na mimi naamini Mungu aliihesabu kuwa sala yangu. Kleopa naye hakuwa peke yake njiani. Walikuwa wawili, na macho yao yalifumbuliwa pamoja, mezani.

Usiku wa jana ndipo furaha ilipochanganyika na jingine. Lile neno bibi alilichagua kabla mimi sijafungua mdomo. Biblia yake ilikuwa mapajani, imefungwa, wenzake wote wakifuatilia kwa kidole. Haoni tena, nina hakika. Anaishi na mjukuu wa darasa la pili. "Kaa pamoja nasi" ilikuwa yake, tena kwa sauti iliyokatika, na baada ya sala ya mwisho tulipanga viti tukaaga. Nimeongea na mwenyekiti. Kesho baada ya vipindi tunapita kwake, nitamsomea masomo ya Jumapili, na habari ya macho tutaiuliza taratibu.

Masika nayo imeshika kasi. Bati la stoo linavuja juu ya magunia ya mahindi, gunia la chini limeanza kunuka uvundo, na fundi hapokei simu.