Ati mimi ndio namchocha Kevo

Hiyo sentensi imekataa kutoka kichwani, nikiosha vyombo iko, nikiwa kwa mat ya Donholm iko. Kevo aliuliza tu pesa ya ovataimu ya mwezi uliopita imeenda wapi, mimi nikasema "sema Kevo, sema", pole pole kabisa, na madam akaachana na Kevo akanigeukia: "Stop egging him on," yaani niache kumchocha. Nikasema "Mimi, madam?" Akasema "Ndio, wewe." Basi, akarudi kwa mambo ya stoo.

Kuitwa mchochezi si shida, wateja wameniita mabaya zaidi. Shida ni hilo neno lenyewe alilochagua. Angesema "encourage" ningenyamaza, maana hiyo unamfanyia mtu asome, aache pombe, aende kliniki. Lakini "egg on" mara nyingi ni ya upuzi, vijana wanamwambia mwenzao aruke ukuta, watu wamezunguka vita wanapiga kelele mpige! mpige! Yaani mimi nimekuwa mbaya NA Kevo amekuwa mjinga, jasho lake likageuka utoto hivyo tu. Na Kevo mwenyewe amebanwa hapo katikati, "egg him on", ukimtoa useme "egg on him" sasa hiyo ni yai limemwagikia mtu shati.

Ruracio ya Shiru, ile sherehe ya mahari, Jumamosi ilienda poa, mbuzi wakafika, stima ikapotea usiku mzima, na mimi huko Murang'a nimekaa nafikiria tu vile nilisema "Mimi, madam?" na sauti ya kulilia.

Sasa jana nikaingia kwa kamusi. Kumbe hiyo egg haina undugu na yai! Ilitoka kwa Kinorse cha kale, eggja, lugha ya wale watu wa Skandinavia walioingia Uingereza zamani, na ndugu yake ni "edge", makali ya kisu. Nikacheka peke yangu. Kumbe nilikuwa namnoa! Na Kevo mnamjua, huyo huomba makanga msamaha akidai chenji yake mwenyewe, kama kuna mtu wa kunolewa ofisi nzima ni yeye. Asubuhi ameniuliza kama nitamsindikiza kwa watu wa mishahara Jumatatu. Nimemwambia twende, tena mapema.

Ila keateka amebandika karatasi kwa geti ati maji yanapotea kuanzia kesho, hajasema mpaka lini, na ule mtungi wangu mkubwa wa bluu umepasuka chini.