Siku moja maishani mwangu: bwawa la mwani wa dizeli, Mikindani

Mwani wa dizeli, yaani unaotolewa mafuta ya kutengenezea dizeli, si ule wa kwenye kamba unaolimwa pwani za Mtwara na Lindi. Ule una mafuta kidogo mno, soko lake ni karajinani, kitu cha kugandishia vyakula. Huu wetu ni Nannochloropsis, mdogo usioonekana kwa macho, unaoelea kwenye maji ya bahari na kuyafanya kijani. Bwawa lina mita za mraba 50 na kina cha sentimita 20, yaani lita 10,000. Kila lita ina nusu gramu ya mwani mkavu, iliyobaki ni maji. Kuyaondoa ndiyo kazi yenyewe.

Saa 12 asubuhi. Tone moja chini ya hadubini, ukuzaji mara 400. Seli za mwani ni vinukta vya kijani vya maikromita 2 hadi 4. Tunatafuta wadudu wanaokimbia katikati yake, rotifa na siliati, maana wanaula. Wawili watatu si neno. Wakijaa, vuna leo leo. Ukingoja utakuta bwawa la kahawia linalonuka.

Saa 1. Msimu wa kusi bwawa hupungua kama milimita 5 kwa siku, sawa na lita 250. Wengi hujazia maji ya bahari, na hapo ndipo wanapoharibu. Yaliyopaa ni maji matupu, chumvi imebaki. Fanya hivyo kila siku na umejichimbia shamba la chumvi. Jazia maji ya kisima au ya mvua, chumvi isizidi gramu 35 kwa lita. Kisha yurea gramu 70, na DAP gramu 25 iliyolowekwa tangu jana. Mbolea huingia asubuhi kwa sababu pH, kipimo cha uasidi wa maji, bado iko chini. Ikipanda, fosforasi hushikana na kalsiamu ya bahari na kuzama.

Saa 2 hadi saa 5. Mavuno, lita 1,000. Mwani huu hauchujwi kwa kitambaa kama tui la nazi, unapita wote. Lazima kwanza ugandane. Tunamimina kostiki soda iliyoyeyushwa, kidogo kidogo huku tukikoroga, hadi pH ifike 10.5. Magnesi ya bahari hugeuka utando mweupe na kuubeba mwani chini. Tazama pipa wakati huo: ukijani unaanza kukatika vipande kama maziwa yanayoganda, kisha vipande vinashuka na juu panabaki peupe. Baada ya saa mbili maji ya juu yanashushwa pH kwa gesi ya kaboni (kaboni dioksidi) na kurudi bwawani. Tope la chini sasa linakubali kitambaa. Lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo unga wako utajaa chumvi.

Linatandazwa kivulini penye upepo, unene wa milimita 3. Likikauka polepole mafuta huchacha. Kipimo cha mkono ni kile cha makopa: livunjike kwa mlio, lisipinde. Lita 1,000 hutoa unga nusu kilo, ndani yake mafuta kama gramu 100.

Saa 7 mchana. Jua likiwa kali mwani hula kaboni yote na pH hupanda. Ikivuka 9, amonia ya yurea huanza kuua. Fungua mtungi wa gesi ya kaboni hadi irudi 8. Maji yakifika nyuzi 33, shusha chandarua cha kivuli. Umeme ukikatika, gurudumu la kukorogea maji husimama: koroga kwa kasia kila nusu saa, vinginevyo seli zinazama.

Saa 8. Unga wa siku kumi, kilo 5, unalowekwa kwenye heksani, kiyeyusho cha mafuta, unachujwa, kisha heksani inakusanywa tena kwa mvuke wa nyuzi 69. Hakuna moto wala sigara karibu: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi uupate moto wa mbali. Unga ukiwa na unyevu, heksani haipenyi.

Saa 10. Mafuta meusi ya kijani yanapimwa asidi: mililita 1 ya mafuta, mililita 10 za isopropanoli (aina ya spiriti), matone machache ya fenolfthaleni ya kuonyesha rangi, kisha kostiki ya gramu 1 kwa lita hadi rangi ya waridi idumu. Kila mililita iliyotumika ni gramu moja ya kostiki ya kuongeza juu ya 3.5 kwa lita ya mafuta. Mililita zikizidi 5 usiendelee, utapata sabuni; anza na asidi ya salfa na methanoli. Yakiwa salama, methanoli mililita 200 kwa lita ya mafuta, yenye kostiki hiyo, inaingia, nyuzi 60, saa nzima ya kukoroga. Usifike 65, methanoli itachemka, na mvuke wake hupofusha.

Saa 12 jioni. Mtungi wa gesi unafungwa, kwa kuwa usiku mwani hauli kaboni na pH ingeporomoka. Gurudumu linaendelea kuzunguka. Kwenye chupa, gliserini, masalio ya mafuta yanapogeuka dizeli, imeanza kujitenga chini, mstari wa kahawia wa upana wa kidole. Itatolewa asubuhi.